Famasi wamenipima presha kisha wakaninyima vidonge vya majira (vya uzazi wa mpango). Ni haki yao?

Mama Lishe wa Majengo

Wakuu habarini za jioni, wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu kidogo na naandika kwa vipande kwa sababu nina wateja, mnivumilie.

Nina miaka 37, watoto watatu, napika chakula karibu na soko la Majengo hapa Dodoma mjini. Asubuhi chai na vitumbua, mchana ugali, wali maharage, na mlenda kwa wale ambao bila mlenda hawajala. Naamka saa kumi alfajiri, nafunga karibu saa mbili usiku. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniambia "si uende kliniki, ni bure". Najua ni bure. Nimeenda. Unakaa kwenye benchi moja na wajawazito na watoto wa chanjo tangu saa mbili asubuhi, ukifika zamu yako ni saa sita, siku imekwisha. Na mara mbili nimefika mezani nikaambiwa majira yameisha, rudi wiki ijayo. Hivyo vya bure viligharimu sufuria mbili za wali zilizolala.

Basi nikawa nanunua duka la dawa jirani na ninapoishi. Karibu miaka mitatu sasa. Pakiti moja kwa hela isiyozidi sahani ya wali maharage. Yule kijana wa dukani ananijua, nikitokea tu mlangoni mkono wake umeshafika kwenye shelfu. "Kama kawaida mama?" Kama kawaida. Hakuna swali, hakuna kadi. Na niseme ukweli, nilikuwa napenda hivyo, maana mara nyingi nyuma yangu amesimama jirani anasubiri Panadol ya mtoto, na sitaki ajue ninachobeba.

Wiki iliyopita duka lile lilifungwa, wana msiba. Nikapita famasi nyingine, kubwa kidogo, iko njia ya kurudi nyumbani. Nikakuta binti kavaa koti jeupe, umri wake na wa mwanangu wa kwanza havipishani sana. Nikamwambia naomba majira. Badala ya kutoa pakiti akaanza: Mama una miaka mingapi? Unavuta sigara? Unanyonyesha? Umewahi kuvimba mguu mmoja ukauma? Kichwa kinakusumbua? Hapo nikacheka. Nikamwambia binti yangu, mimi nakaa na jiko la mkaa kutwa nzima chini ya jua la Dodoma, nani asiyeumwa kichwa?

Akaniomba nikae. Akanifunga ile mashine mkononi. 152 kwa 98. Akaniambia nipumzike dakika kumi, nisiongee, akapima mkono mwingine. 150 kwa 96. Akaichukua ile pakiti aliyokuwa ameshaiweka mezani, akairudisha juu kwenye shelfu. Nikaifuata kwa macho kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Akasema, "Mama, hivi leo sikupi. Vipo vingine nikueleze?" Mimi nimeshapandwa. Nikamjibu kwa sauti, na watu wapo, "Kwani wewe daktari? Nimekuomba vidonge, sijakuomba kipimo." Nikaondoka.

Kesho yake yule kijana wangu alikuwa amefungua. Kama kawaida mama? Kama kawaida. Pakiti ipo kwenye pochi yangu sasa hivi naandika. Sijaianza, nipo kwenye vile vya kahawia vya mwisho, Jumapili ndiyo nianze mpya.

Swali langu: yule binti ana haki ya kuninyima kitu ninachotumia miaka mitatu bila kufa? Na la pili, mtoto wa shangazi yangu ananiambia Marekani sasa hivi majira yanauzwa dukani bila cheti cha daktari, unajichukulia tu kama sabuni. Sasa kama kwao ni hivyo, sisi tunahojiwa ya nini? Povu ruksa, ila mwenye ujuzi anielimishe.

Kijana wa Nkuhungu

Mama pole. Hao wengine wanataka wakuuzie cha bei kubwa tu. Rudi kwa kijana wako maisha yaendelee. Hapo Majengo unakaa upande gani, mlenda nautafuta kweli.

Dirisha la Kibaigwa

Dada yangu, na mdogo wangu wa Nkuhungu hapo juu, naombeni dakika.

Mimi ni mtoa dawa, nina duka la dawa muhimu huku Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Msimu wa mahindi malori yanajaa, na wateja wangu ni wapakizi, madalali, mama lishe kama wewe, na wanawake wanaotoka vijijini na baiskeli kuja kuuza gunia mbili. Maduka yetu haya yalianzia Ruvuma mwaka 2003, yakachukua nafasi ya yale ya zamani tuliyoyaita dawa baridi, kwa sababu serikali iliona watu wananunua dawa kwa mtu yeyote tu na bora huyo mtu afundishwe. Majira yamo kwenye dawa tunazoruhusiwa kuuza. Sindano hapana, vijiti hapana, hivyo ni vya kituoni. Na katika miaka yote niliyosimama dirishani, wanawake walioniletea cheti cha majira nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vinabaki. Kwa hiyo huu mjadala wa "yauzwe bila cheti au na cheti" huku kwetu mteja ameshauamua siku nyingi kwa miguu yake. Anakuja saa moja usiku, anataka kuondoka.

Kinachobaki ni yule aliye nyuma ya meza. Anauliza au haulizi?

Sasa nikueleze ulichonacho kwenye pochi. Kama ina vidonge 21 vya rangi moja na 7 vya kahawia, hiyo ni ya homoni mbili, na kile kikahawia ni madini ya chuma tu, hakizuii chochote. Kati ya homoni mbili hizo, moja inaitwa estrojeni. Kwa wanawake wengi haina neno. Lakini kwa baadhi inapandisha presha, na kwa mwenye presha tayari inaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mshipa, wa kiharusi na wa moyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaziweka njia kwenye madaraja manne. Presha ya 140 hadi 159 kwa juu, au 90 hadi 99 kwa chini, inakuweka daraja la tatu kwa vidonge vya homoni mbili, maana yake kwa kawaida usipewe kama njia nyingine ipo. Ikifika 160 au 100 ni daraja la nne, usipewe kabisa. Wewe 152 kwa 98. Yule binti hakukunyima kwa jeuri. Ungekuwa dirishani kwangu ningerudisha pakiti vilevile, na ungenitukana mimi.

Na hapo ndipo ulipoondoka mapema dada. Alikwambia "vipo vingine". Vipo kweli. Kuna vya homoni moja, pakiti ya Microlut ina vidonge 35, vyote vina dawa, hakuna vya kahawia, ukimaliza leo kesho unaanza pakiti nyingine. Havina estrojeni, na kwa presha ya kiwango chako vinaruhusiwa bila wasiwasi. Shida yake ni saa. Ukizoea kumeza saa mbili usiku, ni saa mbili usiku. Ukipitiliza zaidi ya masaa matatu unameza mara tu unapokumbuka, na siku mbili zinazofuata mnatumia kondomu. Na damu inaweza kuja ovyo ovyo miezi ya mwanzo, usije ukadhani umeharibika.

Mashine ya presha hapa kwangu nimenunua kwa hela yangu. Simtozi mtu. Wapo wanaokasirika kama wewe, wanatoka wanakwenda duka la pili kule ng'ambo ya barabara ya Morogoro, nawaona kwa macho, wanatoka na mfuko mweusi.

Mama Lishe wa Majengo

Dirisha, nimesoma mara mbili. Kwa hiyo kichwa changu si moshi?

Dirisha la Kibaigwa

Inawezekana ni moshi. Inawezekana ni presha, ingawa presha mara nyingi haiumi popote, ndiyo ubaya wake. Inawezekana ni kuamka saa kumi. Mimi sijui na yule binti hajui, ndiyo maana anapima. Nenda kapimwe tena siku nyingine mbili tofauti, siku moja haitoshi kusema mtu ana presha. Kama ikibaki huko, mwone daktari kwa ajili ya presha yenyewe, achana na majira kidogo. Na hiyo pakiti usiianze Jumapili. Usikae bila kinga pia, chukua kondomu mpaka upate njia nyingine.

Mzee wa Chinangali

Mbukwenyi. Nimefuatilia mazungumzo haya kimya, lakini nina mabinti wawili sekondari na nitasema. Mnajadili presha ya mama mtu mzima, sawa, Mungu amponye. Mimi nauliza la bila cheti. Mtoto wa kidato cha tatu akiingia hapo dirishani na sare kaificha kwenye begi, mnampa? Maana kwa hesabu yenu swali ni "unanyonyesha, unavuta sigara", na mtoto wangu atajibu hapana yote, presha yake safi, ataondoka na pakiti. Zamani angalau angeogopa daktari. Huu uhuru mnaoutetea unamlea nani?

Dirisha la Kibaigwa

Shikamoo mzee. Nakujibu kwa heshima na bila kukuficha. Anayeingia na sare ndani ya begi haniombi majira. Ananiomba P2, na anaomba akiwa anatetemeka, Jumatatu asubuhi, wakati jambo lilitokea Ijumaa usiku. P2 ni ya kuzuia mimba kwa dharura, ndani ya masaa 72, na kila saa inayopita nguvu inapungua. Nikimwambia akalete cheti, mzee wangu, hatakwenda kwa daktari. Atakwenda kwa mwenzake aliyemwambia anywe majivu au chai ya rangi nzito. Mimi humpa, namkalisha nyuma ya pazia, namweleza kwamba si dawa ya kumeza kila wiki, haizuii ukimwi, na kama mimba imeshatunga haiitoi. Kama kuna mtu mzima anamlazimisha, hilo nalo linajitokeza hapohapo nyuma ya pazia, si kwenye cheti.

Mwaka 2021 mwezi Novemba serikali ilisema wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shule. Nilifurahi sana. Ila mmoja ninayemjua hapa, mtoto wa pili wa jirani yangu, hakurudi. Anauza karanga stendi na mtoto mgongoni.

Mzee wa Chinangali

Marahaba. Sijakubali, lakini nimekusikia. Hilo la pazia ni la heri.

Mgogo wa Leicester

Wakuu, naomba niingie kwa upande wa ughaibuni kwa sababu huyo mtoto wa shangazi kasema kweli nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo tamu.

Mimi nimezaliwa Hombolo, sasa niko Uingereza, mke wangu anatumia hivyo vidonge. Marekani walichoruhusu ni kidonge kimoja kinaitwa Opill. Mamlaka yao ya dawa ilikipitisha tarehe 13 Julai 2023, madukani kikaonekana Machi 2024, kama dola 20 kwa pakiti ya mwezi mmoja. Hakina sharti la umri. Unakichukua kweli karibu na sabuni. Lakini angalia ni kidonge gani: ni cha homoni moja. Hakina estrojeni. Ni dawa ya zamani pia, kwa cheti ilikuwepo Marekani tangu 1973, ndiyo maana walikuwa na miaka hamsini ya kuiangalia kabla ya kuiachia. Vile vya homoni mbili alivyo navyo dada kwenye pochi, Marekani bado vina masharti. Kwenye majimbo mengi mfamasia mwenyewe anaruhusiwa kukuandikia bila kwenda kwa daktari, Oregon na California walianza 2016, lakini anakujazisha fomu ya maswali kwanza na anataka presha yako.

Huku Uingereza ni hivyohivyo. Mwaka 2021 waliruhusu famasi ziuze vidonge vya homoni moja, aina ya desogestrel, bila cheti. Mke wangu mara ya kwanza alifika kaunta akidhani ni kulipa na kuondoka. Mfamasia alimwita pembeni akamuuliza maswali. Yaleyale ya binti wa Dodoma, nawaapia. Aliporudi nyumbani akanuna, "wamenihoji kama polisi". Kwa hiyo dada yangu wa Majengo hujaonewa, umepata huduma ya Leicester kwa bei ya wali maharage.

Jambo moja zuri la hii desogestrel, mwanya wake wa kuchelewa ni masaa 12, si matatu. Kwa mtu anayepika na kubeba masufuria hiyo ni tofauti kubwa. Kama ipo huko Dodoma watoa dawa watasema.

Dirisha la Kibaigwa

Kwangu haipo. Mjini aulize famasi kubwa. Na asante kaka, hilo la Opill kuwa ni homoni moja tu wengi wanalikosea, mteja mmoja aliniletea picha kwenye simu akasema "Marekani wameachia, nipe hiyo ya kahawia".

Bibi Nesi

Wanangu hamjambo. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimefanya kazi miaka mingi Mpwapwa, vijijini zaidi kuliko mjini. Mjukuu ndiye ananiandikia, mimi nasema.

Mnasema cheti, cheti. Zamani kizuizi cha kwanza hakikuwa cheti. Kilikuwa ni mume. Wapo wenzangu waliomwambia mama mwenye watoto saba, "kamlete mumeo kwanza", na hakuna kitabu kilichosema hivyo, ni wao tu walijitungia. Yule mama harudi. Nyota ya kijani, ile alama ya uzazi wa mpango, tulibandika ukutani, lakini chini ya nyota amekaa mtu anayekufukuza. Kwa hiyo mimi nikisikia duka linauza usiku na hakuna anayemuuliza mama mume wako yuko wapi, moyo wangu unafurahi kwanza, halafu ndiyo naanza kuogopa mengine.

Niwaeleze ninachokiogopa. Kule kijijini mama alificha vidonge kwenye kibuyu cha chumvi. Chumvi inavuta maji, vidonge vikalainika, akawa anameza uji wa vidonge. Mwingine mumewe alikuwa utingo wa lori, anakuja Jumamosi, basi mama anameza Jumamosi. Anasema "wiki nzima nameza kwa ajili ya nani?" Akapata mimba, akaja kunishtaki kuwa dawa za serikali ni chaki. Na mmoja, huyu simsahau mpaka kufa, alikuwa anampa mumewe ameze. Walikuwa wamekubaliana, mke akaambiwa na shoga yake vinamkondesha, mume akasema basi nitavimeza mimi. Mwanamume mwenye upendo yule. Alimeza pakiti nzima.

Hawa wote walikuwa wamepewa na mtaalamu, siyo dukani. Tuliwapa tukawaambia "kimoja kila siku" na tukaita anayefuata, maana benchi limejaa. Msidhani kliniki inaeleza na duka halielezi. Inategemea mtu na inategemea foleni.

Sasa wewe mwanangu wa Majengo, na wewe wa dirishani, niongeze maswali mawili ambayo sijayasikia hapa. Muulizeni kama anatumia dawa za kifua kikuu. Rifampisini inakula nguvu ya majira, ya homoni mbili na ya moja, na hata kijiti. Dawa nyingine za kifafa nazo hivyohivyo. Huku kwetu kifua kikuu si kitu cha kutafuta kwa tochi. Na la pili, mtoto. Anayenyonyesha mtoto mchanga asipewe vya homoni mbili mpaka mtoto afikishe miezi sita, wiki sita za mwanzo ndiyo marufuku kabisa. Vya homoni moja anaweza.

Na joto. Dawa ikae chini ya nyuzi 30. Duka la bati bila dari hapa Dodoma mwezi wa kumi na moja ni tanuri. Mama akifika nyumbani naye asiiweke dirishani ikapigwa na jua.

Mwanangu, rudi kwa yule binti umwombe radhi.

Kijana wa Nkuhungu

Bibi shikamoo, nimecheka mpaka bodaboda mwenzangu kauliza kuna nini. Mume kameza pakiti nzima!

Mama Lishe, nafuta nilichosema juu. Ila swali, mimi kama mwanaume, hivyo vidonge vina uhakika kiasi gani? Maana mke wangu anatumia na mwezi uliopita tulipata presha ya aina nyingine.

Dirisha la Kibaigwa

Ukimeza bila kukosea, katika wanawake mia kwa mwaka mzima hapati mimba hata mmoja. Kwa maisha ya kweli, kusahau, kuharisha, kusafiri kwenda msibani pakiti ikabaki nyumbani, ni kama saba katika mia. Hiyo tofauti yote iko kwenye kumeza. Mnunulie saa au umkumbushe wewe, simu unayo. Kama hataki kukumbuka kila siku, kuna kijiti na kitanzi, vinakaa miaka, kituoni ni bure, na foleni ile anayolalamikia mama hapa unaipanga mara moja tu.

Utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 31. Huwa naifikiria hiyo namba nikifunga duka. Kumi wakipita barabarani, watatu tu. Sitaki kuwafukuza hao watatu kwa maswali, na sitaki kumuua mmoja wao kwa kunyamaza. Wengine mnaona ni rahisi.

Mama Lishe wa Majengo

Wakuu nimerudi, wiki tatu baadaye. Niliahidi moyoni nitarudisha mrejesho, na Bibi Nesi aliniamuru.

Jumapili sikuianza ile pakiti. Jumatatu nilimwachia dada yangu jiko, nikaenda famasi saa nne asubuhi, wakati hakuna watu, maana aibu nilikuwa nayo. Binti alinitambua. Nikamwambia mwanangu nisamehe, siku ile nilikuwa nimechoka. Akasema, "Mama, mimi hutukanwa kila siku, wewe hata hukutukana sana." Akapima, 148 kwa 96. Alhamisi tena, 146 kwa 94. Akanipeleka kwa daktari kwa karatasi ndogo aliyoiandika namba zote na tarehe. Daktari akasema presha ipo, ni ya kuanza, nipunguze chumvi. Nimwambie nini mpishi mimi, ninaonja sufuria tano kila siku. Amenipa mwezi tuangalie kabla ya vidonge vya presha, na amesema huenda kuacha yale majira ya homoni mbili peke yake kutaishusha kidogo, huenda isishuke.

Nimechukua Microlut. Nameza saa mbili usiku, simu inalia, wateja wa mwisho wanajua ikilia hiyo mama anakwenda nyuma ya jiko kunywa maji. Mmoja anadhani ni adhana. Damu imekuja ovyo kama Dirisha alivyosema, siku nne, ikakata, ikarudi siku mbili. Kama asingenieleza ningekuwa nimeshaacha.

Yule kijana wa dukani kwangu nilimpitia pia. Sikwenda kugombana. Nikamuuliza kwa nini hujawahi kunipima miaka yote hii. Akasema mashine hana, mwenye duka hataki kununua, na akaniambia, "Mama, ukiwauliza maswali hawarudi." Nikamkumbuka mimi mwenyewe nilivyotoka kule famasi. Nilinyamaza.

Sasa jambo lililonileta leo. Pembeni yangu pale sokoni kuna mama anakaanga chapati, ananizidi miaka mitatu, mnene kuliko mimi, na anavuta sigara kwa siri nyuma ya choo, anadhani hatujui. Naye anatumia majira ya kahawia. Nikamweleza yote haya tangu mwanzo, nikamwonyesha mpaka namba zangu. Nikamwambia twende pamoja kwa yule binti, nitakulipia na bajaji. Akanisikiliza vizuri kabisa, anageuza chapati. Halafu akasema, "Yule anayehoji? Mimi nachukua kwa kijana wako, yeye haulizi."